Kiti Kilichobaki

Leo nataka tuwaze juu ya mtu aliyeshindwa vibaya, mbele ya macho ya watu, kisha akaambiwa, "Nafasi yako bado ipo. Njoo." Je, mtu huyo afanye nini? Aende, au akae nyumbani na aibu yake?

Nitawapeleka mbali kidogo, hadi Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, mwaka wa 1972. Huko kulikuwa na chuo kidogo cha wasichana kiitwacho Immaculata, kilichoanzishwa na masista wa Kanisa Katoliki mwaka wa 1920. Msishangae kwamba sisi Waprotestanti tunakwenda kujifunza kwa masista. Ukweli ni ukweli, popote uokotwapo.

Wasichana wa chuo hicho walicheza mpira wa vikapu. Uwanja wao wa ndani ulikuwa umeteketea kwa moto mwaka wa 1967, kwa hiyo hawakuwa na mahali pao wenyewe pa kukaribisha wageni. Sare yao ilikuwa gauni la sufu, vazi ambalo hata kulitembelea jua likiwaka ni kazi, sembuse kulikimbilia. Mwalimu wao alikuwa mama kijana, Cathy Rush, aliyeanza kazi hiyo mwaka wa 1970 kwa malipo ya dola 450 kwa msimu mzima.

Mchezo wenyewe ulikuwa katika mabadiliko. Kwa miaka mingi wanawake wa vyuo walicheza wakiwa sita kila upande, na wengine kati yao hawakuruhusiwa kuvuka mstari wa katikati, kwa kuwa watu waliamini kwamba mwanamke hawezi kukimbia uwanja mzima. Mwaka wa 1971 sheria ikabadilishwa, wakacheza watano watano, na uwanja wote ukawa wazi kwao. Mwaka huo huo kikaanzishwa chama cha michezo ya wanawake wa vyuo, na chama hicho kikatangaza kwamba mnamo Machi 1972 kitafanya mashindano yake ya kwanza ya taifa, katika mji wa Normal, jimbo la Illinois. Timu 16 tu ndizo zingeitwa, kutoka nchi nzima iliyo kubwa namna ile.

Basi msimu ukaenda vizuri. Immaculata walishinda, wakashinda tena, na tena. Msimu ulipokuwa ukingoni ikabaki michezo ya kanda yao, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia mashindano ya taifa. Wakafika fainali. Huko wakakutana na chuo cha jirani, West Chester, ambacho ndicho Cathy Rush alichosomea. Ndugu zangu, siku hiyo mambo yaliharibika. West Chester walipata pointi 70, Immaculata 38. Walizidiwa kwa pointi 32! Msimu mzima hawakuwa wameshindwa hata mara moja, na walipokuja kushindwa, walishindwa siku ile iliyokuwa muhimu kuliko zote, na kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kusema ni bahati mbaya.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Waliitwa Illinois pamoja na wale waliowashinda. Katika orodha ya timu 16, wakapangwa nambari 15.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mwaliko ule haukuuliza, "Mlizidiwa kwa pointi ngapi?" Ulisema tu kwamba nafasi ipo. Lakini mwaliko haumbebi mtu mgongoni. Chuo hakikuwa na fedha za kutosha kwa safari. Wasichana wakaenda kuuza miswaki ili wapate nauli. Hebu wawazeni, wamepigwa kwa pointi 32, nao wako barabarani na miswaki mikononi, wakiomba watu wanunue ili waende kushindana na timu bora za taifa. Nadhani wapo waliocheka.

Hata baada ya kuuza, fedha zilitosha wachezaji wanane tu. Wengine wa timu ile ile, waliotoa jasho lile lile, walibaki nyumbani. Na hao wanane walisafiri kwa tiketi za kungojea, zile ambazo abiria hupanda ndege endapo kiti kimebaki bila mwenyewe. Walikwenda kwa viti vilivyobaki, kuijaza nafasi iliyobaki.

Wakacheza Illinois. Wakashinda mchezo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Tarehe 19 Machi wakaingia fainali, na walipoinua macho, wakaona upande wa pili ni nani? West Chester! Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawa hawakuona ung'ongo, walimwona nyoka mwenyewe. Lakini safari hii Immaculata walipata 52, West Chester 48. Wale wa nambari 15 wakawa mabingwa wa kwanza wa taifa. Wakashinda tena mwaka wa 1973 na wa 1974. Mmoja wao, Theresa Shank, ambaye baadaye aliitwa Theresa Grentz, alikuja kuifundisha timu ya wanawake ya Marekani katika Olimpiki ya 1992. Na mwaka wa 2014 timu nzima ya miaka ile iliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vikapu.

Wasikilizaji wapenzi, sitaki mtoke hapa mkisema, "Kumbe ukijikaza utashinda siku zote." Hayo si mafundisho ya kweli. Timu 16 zilikwenda Illinois. Moja ilipata kikombe, na nyingi zilirudi nyumbani zikiwa zimeshindwa, hata West Chester waliokuwa na nguvu kuliko wote siku chache tu kabla. Je, Mungu aliwachukia hao? Hasha! Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji, aliwaandikia watu waliokuwa na michezo mikubwa karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili, na walijua kwamba taji la mshindi lilikuwa la majani tu, yanayokauka. Akawaelekeza kwenye taji lisilokauka. Na uzuri wa taji hilo ni kwamba mmoja akilipata hamnyimi mwingine.

Kwa hiyo fundisho la leo si kikombe. Fundisho ni yale yaliyofanyika kati ya kushindwa na kuondoka, siku zile za miswaki. Wakati ule hakuna aliyejua mwisho utakuwaje. Nafasi ilikuwapo, na aibu ilikuwapo, nao wakaichukua nafasi huku aibu ingali mbichi.

Mkumbukeni Petro. Yeye naye alishindwa siku ile iliyokuwa muhimu kuliko zote. Alimkana Bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Baadaye, alfajiri moja, alikuwa ziwani akivua samaki, akasikia kwamba aliyesimama pwani ni Bwana. Angeweza kujificha ndani ya mashua nyuma ya wenzake. Lakini hakungoja mashua ifike. Alijitupa majini, akaenda. Naye hakuulizwa alimkana mara ngapi. Aliulizwa kama anapenda, kisha akapewa kazi.

Labda wewe unayenisikiliza ni msichana uliyefanya mtihani ukaanguka, na wazazi wamesema urudie, lakini unaogopa kukaa darasani na wadogo zako. Labda wewe ni mama uliyeacha kwenda kanisani kwa sababu ya jambo lililojulikana na kila mtu mtaani. Labda wewe ni mzee wa nyumba, biashara yako ilikufa, na jirani yako anakuambia anza tena hata kwa kibanda, nawe unaona haya kuonekana kibandani. Nafasi imebaki. Pengine si ile uliyoitaka, pengine ni nambari 15. Je, utaikataa kwa sababu ni ndogo? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tena kuna neno kwa makanisa yetu. Wasichana wale hawakujiinua peke yao. Timu ilipokuwa ikicheza, masista na wanafunzi wenzao walikaa wakiishangilia kwa kupiga ndoo kama ngoma, hata ukumbi ukavuma. Nasi je? Kijana wetu akianguka, anasikia ndoo za kumshangilia, au anasikia minong'ono? Binti aliyezaa kabla ya ndoa akitaka kurudi shuleni, tunamsaidia karo, au tunamwambia kiti chake kimekwisha kaliwa? Na wale wanaobaki nyumbani kwa sababu nauli haikutosha, tunawakumbuka? Mungu akibakiza kiti, tusiwe sisi wa kukiondoa.

Na tuombe. Ee Baba yetu, unawajua waliozidiwa wiki hii. Wape moyo wa kuinuka kabla aibu haijakauka. Utupe sisi mikono ya kuwainua, na midomo isiyonong'ona. Na kila mmoja wetu, mwenye kushinda na mwenye kushindwa, umfikishe kwenye taji lile lisilonyauka. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.