Msamaha wa Faini za Ploti: Tuuelewe Vizuri
(Maneno tuliyowaambia wafanyabiashara wa Thika na Ruiru)



Tukisikia kaunti imetoa msamaha, wengi wetu tunashangilia tukidhani deni limekwisha. Sivyo. Kwa kawaida kinachosamehewa ni faini na riba zilizorundikana. Kodi ya ploti yenyewe iko pale pale, tena ilipwe kabla ya siku iliyotangazwa.

Zamani tulilipa kwa mabaraza ya miji ya Thika na Ruiru. Tangu 2013 tunalipa kwa Kaunti ya Kiambu. Katiba ya 2010, kifungu cha 210, yasema kodi haisamehewi ila kwa sheria, na kila msamaha uandikwe pamoja na sababu yake. Basi mtu akikunong'onezea, "Nipe kitu kidogo nifute deni," huo si msamaha. Tukimpa tutabaki bila pesa na bila risiti.

Nasi tuliopanga maduka tusinyamaze. Deni ni la mwenye ploti, lakini mzigo hutufikia kwa kodi ya duka. Akipata nafuu, tumwombe naye asitupandishie.

Jamani, tusikae tukingoja msamaha. Ploti yenye deni ni shida kuihamishia watoto.

Tufanye hivi: tuombe taarifa ya deni, tutenganishe kodi na faini, na tukishindwa kulipa yote, tuandike barua kuomba kulipa kidogo kidogo. Risiti tuziweke vizuri.