Ajizi, Huzuni na Deni: Tunamwambiaje Mwenye Dhiki ya Moyo?

(Muhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha)

  

Ndugu Waislamu, mada yetu ya usiku huu ni dhiki ya moyo, ile ambayo siku hizi inaitwa msongo wa mawazo. Jina ni geni lakini jambo lenyewe ni kongwe. Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) kwa miaka kumi, anasimulia katika Sahihi Bukhari kwamba alikuwa akimsikia mara kwa mara akijikinga kwa Allah na mambo manane. Iko riwaya nyingine mashuhuri, inayomhusu Abu Umama, imo katika Sunan Abi Daud, nayo husomwa sana mimbarini. Wanachuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, na hatuna haja nayo maadamu tunayo ya Anas.

Mambo hayo manane yamekuja jozi jozi. Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350 Miladia), ameyafafanua kwa namna inayofaa kuzingatiwa. Ya kwanza ni hammu na huzuni: hammu ni wasiwasi wa jambo linalokuja, na huzuni ni maumivu ya jambo lililopita. Ya pili ni ajzi na uvivu. Ya tatu ni ubahili na woga, kwani bahili huzuia mali yake na mwoga huuzuia mwili wake. Ya nne ni uzito wa deni na kutawaliwa na watu: mwenye deni hushindwa nguvu kwa haki, na mwenye kuonewa hushindwa nguvu kwa batili.

Tusimame kidogo kwenye ile jozi ya pili. Katika Kiarabu ajzi ni kukosa uwezo. Mtu anataka, lakini hawezi. Uvivu ni kinyume chake: anaweza, lakini hataki. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili likawa ajizi, na sote tunajua linavyotumika. Tunasema ajizi ni nyumba ya njaa, na tunamkusudia mtu mzembe. Asiyeweza na asiyetaka tumewavalisha kanzu moja! Mtume (S.A.W.) aliwatenganisha katika dua, nasi tumewachanganya, si katika ulimi tu bali hata katika hukumu. Mtu akishindwa kuinuka kitandani kwa majonzi, tunasema ni mvivu. Akiacha kuja jamaa, tunasema imani yake imepungua. Akilia kupita tulivyozoea, tunasema amemkasirikia Mola wake.

Hebu tuirejee Qur'an Tukufu. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, kama inavyoelezwa katika Suratu Yusuf aya ya 84. Ni nani atakayethubutu kusema kuwa Yaakub alikuwa na upungufu wa imani? Na waliomlaumu ni akina nani? Aya inayofuata inatujulisha: ni watu wa nyumbani kwake, waliochoka kumsikia akimtaja Yusuf. Yeye akawajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Allah, kisha akawaagiza waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa. Alilia, aliomba na alituma watu kutafuta, na moja halikulizuia jingine.

Mtazameni pia Bibi Maryam. Uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende, akiwa peke yake na akiyajua maneno yatakayosemwa na jamaa zake, alitamani lau angekufa kabla ya hayo. Aya za 23 mpaka 26 za sura yenye jina lake zinaeleza alivyojibiwa. Hatukuti ndani yake hata neno moja la kumkemea. Alionyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu, ale, anywe, moyo wake utulie, na siku ile asizungumze na mtu. Maji, chakula na kuepushwa na maswali ya watu ndivyo alivyotangulizwa navyo mwanamke aliyetamani kufa. Kina mama wetu wangapi wamejifungua kisha wakalia siku nyingi bila kujua sababu, nasi tukawatangulizia mawaidha marefu, au mbaya zaidi, mganga?

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akifiwa na mtu wa nyumba yake, wageni wakishatawanyika wakabaki jamaa wa karibu, huagiza chungu cha talbina kipikwe. Talbina ni uji mwepesi wa shayiri. Alisema amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Zingatieni neno "baadhi". Mtume hakuahidi kwamba bakuli la uji litamaliza msiba. Na zingatieni wakati wake: ni baada ya watu kuondoka, ule wakati ambao misiba yetu hapa turubai limeshakunjwa na mfiwa amebaki na kuta zake.

Wako wanaodhani kuwa kumpeleka mtu kwa daktari wa maradhi ya akili ni kuiga wasiokuwa Waislamu. Hao hawakuwasoma Waislamu wenzao. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya siha ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mara mbili: yenye sababu inayojulikana, kama kupotewa na kipenzi, na isiyojulikana sababu yake, ambayo aliihusisha na hali ya mwili, na kila moja akaipa matibabu yake. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Ruqya ya kisheria ipo na tunaifundisha, lakini haifungi mlango wa hospitali. Kinachofungwa na sheria ni hirizi, ramli na kuchinjia majini. Ajabu ni kuwa mtu anaona haya kuonekana Mirembe au Muhimbili, na haoni haya kuonekana kwa mpiga ramli.

Sasa tuje kwenye deni, maana ndilo linalotuumiza zaidi katika mitaa yetu. Mikopo mnayoiita "kausha damu" mnaijua kuliko sisi. Mama anakopa kwa ajili ya ada au matibabu, marejesho ni ya kila wiki au kila siku, mumewe hana habari, na siku akikwama vinachukuliwa vyombo na godoro mbele ya majirani. Imeongezeka na mikopo ya simu, ambayo baadhi yake humtangaza mdaiwa kwa watu walio katika orodha ya namba zake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Hapo ile jozi ya nne imekutana yote: uzito wa deni na kutawaliwa na watu.

Riba ni haramu, tumelisema hilo na tutaendelea kulisema. Lakini aliyekwisha kuzama hahitaji kwanza darasa la kina cha maji. Je, kabla hajaenda huko alibisha mlango gani wa Muislamu akafunguliwa? Aya ya 60 ya Suratu Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka, na aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha mwenye dhiki apewe muda. Misikiti yetu inachangisha mazulia na vipaza sauti, nalo ni jema. Mfuko wa wenye madeni uko katika misikiti mingapi? Na nyinyi wenye maduka, ambao madaftari yenu yamejaa majina ya waumini mnaosimama nao safu moja, muamala huu mnauweza kuliko imamu.

Kaab bin Malik (R.A.) alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad. Alimdai ndani ya msikiti wa Mtume, sauti zao zikapanda mpaka Mtume (S.A.W.) akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akatoka, akaifunua pazia ya chumba chake na kumwita Kaab. Hakuwafukuza msikitini, wala hakumuuliza mdaiwa kwa nini alikopa. Alimwashiria Kaab kwa mkono wake apunguze nusu. Kaab akajibu kuwa amekwisha kufanya hivyo. Hapo Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwamuru ainuke alipe iliyobaki.