Si Kila Homa ni Malaria



Askari hufundishwa kumtambua adui kwa silaha zake na kwa maficho yake. Adui tunayemzungumzia leo ni mdogo kama punje ya mtama, naye ni kupe. Mfugaji anamfahamu kwa sababu ya ndigana iuayo ng'ombe. Lakini kupe humdhuru binadamu pia, hasa yule ambaye kazi yake humpitisha katika majani marefu kando ya Msitu wa Mabira, miteremko ya Mlima Elgon, au nyayo za mifugo iliyoibwa kuelekea Karamoja.

Yafaa tutofautishe maadui wawili. Wa kwanza ni papasi, ambaye makao yake si majani bali nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni. Askari akijikagua asubuhi haoni kitu. Tena papasi aweza kukaa miaka bila chakula. Kwa hiyo kibanda kilichohamwa zamani si malazi salama. Mwaka 1904, hapa hapa Uganda, madaktari Ross na Milne walionyesha kwamba homa ya papasi huletwa na kijidudu chenye umbo la parafujo kiishicho katika damu. Mwaka uliofuata Daktari Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, aliuawa na homa hiyo hiyo.

Homa ya papasi ina hila. Hushika siku chache, hutoweka, kisha hurudi baada ya wiki moja hivi. Askari aliyemeza vidonge vya malaria hudhani vimemponya, kumbe adui amerudi nyuma tu kujipanga upya.

Adui wa pili ni kupe wa porini na wa mifugo. Mwaka 1944 askari wa Kisovieti wapatao 200 waliugua huko Krimea homa ya kutokwa damu. Mwaka 1956 virusi vyake vilipatikana Kongo, na kwetu Uganda ugonjwa huo ulithibitishwa wilayani Agago mwaka 2013. Katika baadhi ya milipuko huua wagonjwa hata 40 katika kila 100. Ng'ombe mwenye virusi hivyo haonekani kuwa mgonjwa. Lakini damu yake wakati wa kuchinja yaweza kumwambukiza mchinjaji, kama vile damu ya mgonjwa iwezavyo kumwambukiza mwenziwe.

Je, askari afanye nini? Achomeke suruali ndani ya buti na apake dawa ya kufukuza wadudu. Akitoka porini ajikague mwili mzima: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na masikio. Kupe akionekana, ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu, moja kwa moja. Asichomwe kwa sigara, asipakwe mafuta ya taa, wala asipasuliwe kwa vidole. Anayechinja avae glavu. Na anayelala kijijini atumie kitanda na chandarua, asilale sakafuni penye vumbi.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni taarifa. Si kila homa ni malaria. Askari apatwapo na homa, au kidonda chenye gamba jeusi mahali alipoumwa, amweleze mganga alikolala, alikopita, na mnyama aliyemchinja. Bila habari hizo mganga hana sababu ya kutafuta kijidudu cha papasi katika darubini, ilhali dawa yake ipo, nayo ni ya kawaida. Na pakiwa na dalili ya kutokwa damu, mgonjwa atengwe na wakuu wa afya waarifiwe mara moja.

Makamanda nao wana wajibu. Askari anayeeleza homa yake asihesabiwe kuwa mvivu. Anayenyamaza ndiye atakayeangukia njiani, na kuwalazimu wenziwe wambebe badala ya kubeba silaha.