Nani Atakushuhudia? Maneno kwa Vijana Wanaotaka Kusomea Udaktari

Wazee wangu, ndugu zangu wa Kasese na Bwera, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango.

Wakuu wa chama wamenitaka niseme neno juu ya barua za mapendekezo, yaani barua ambazo walimu huandika kumshuhudia mwanafunzi anayeomba kusomea udaktari. Huenda mtu akauliza, sheikh aliyesoma madrasa na shule ya msingi ana lipi la kusema juu ya chuo kikuu? Ninalo kosa langu, nami nitalieleza.

Haja ya madaktari hatuhitaji kuhubiriwa. Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, mtoto wa miaka mitano alifia katika hospitali ya Bwera, na bibi yake akamfuata. Sisi watu wa mpakani twajua thamani ya daktari aliye karibu.

Lakini tusichanganye mambo. Kijana atokaye kidato cha sita, akiomba Makerere au Mbarara, kwanza hutazamwa alama zake, hasa za biolojia na kemia. Barua huja kuwa na uzito anapotafuta wa kumlipia masomo, anapoomba ng'ambo, au akisha kuwa daktari na kutaka shahada ya pili. Huko Marekani mtu husoma kwanza shahada nyingine ndipo aombe chuo cha udaktari, na vyuo vingi hutaka barua za maprofesa waliomfundisha, mara nyingi wawili wa sayansi na mmoja wa somo jingine. Hawatosheki na alama.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinijia pamoja na mwanawe, aliyekuwa akiomba kulipiwa masomo ng'ambo. Zilitakiwa barua mbili. Mwalimu wake wa kemia alikuwapo, mtu asiye na cheo, wala si Mwislamu, aliyekaa naye maabara miaka miwili. Baba akasema, huyo ni mtu mdogo, tutafute wakubwa. Wakaenda kwa mwanasiasa mmoja, kisha wakaja kwangu. Nami, kwa kuona haya kumnyima mzee mwenzangu, nikaandika kwamba namjua kijana tangu utotoni, kwamba ni mcha Mungu na mwenye bidii. Kumbe nilikuwa nikimwona katika sala ya Ijumaa, basi.

Baada ya majuma machache simu ikalia. Msemaji aliniuliza kwa adabu: Kijana huyu akikosea, hufanya nini? Umepata kumwona akifanya kazi na wenzake? Nikazungukazunguka kama mgeni aliyepotea Mpondwe siku ya soko. Nafasi ile hakuipata. Baba yake hunisalimu kwa heshima mpaka leo, na hilo ndilo liniumizalo zaidi.

Tena sikuwa na udhuru, maana habari ya Sayyidna Umar nimeisomesha mara nyingi. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimshuhudia mwenziwe mbele yake. Umar akamwuliza kama ni jirani yake, ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake. Kama wamefanya biashara ya fedha pamoja. Kama wamesafiri pamoja. Yote hapana. Umar akamwambia kwamba basi hamjui, na katika baadhi ya mapokezi akaongeza kwamba labda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Na wanazuoni wetu wa hadithi waliwapima wapokezi kwa namna hiyo hiyo: ukubwa wa ukoo haukumfanya mtu kuwa mwaminifu wa kupokea.

Basi kijana, mwalimu wako ndiye jirani yako na msafiri mwenzio. Mchague yule aliyekuona ukirudia jaribio lililoharibika, aliyesahihisha daftari lako, aliyekuona ukimwelekeza mwenzio. Kama ni profesa mwenye jina kubwa aliyekufundisha katika ukumbi wa watu mia mbili, naye hajui hata sura yako, mwache. Mhadhiri mdogo aliyekusimamia wodini ni bora kwako. Mwendee mapema, si juma la mwisho. Mpelekee alama zako, na karatasi fupi ya mambo uliyofanya, na tarehe ya mwisho. Kisha mwulize waziwazi: Mwalimu, waweza kuniandikia barua njema? Akisitasita, mshukuru uende kwa mwingine. Kusita kwake ni fadhila.

Nanyi wazazi wenye mabinti, msiwazuie kumwendea mwalimu kwa sababu ni mwanamume. Mwende pamoja naye, mketi, mwalimu aulizwe mbele yenu.

Barua ya imamu ina mahali pake, kama wenye nafasi wameomba mtu wa kushuhudia tabia. Hapo nitaandika, kwa yule ninayemjua. Asiyejulikana kwangu aje kwanza darasani baada ya Alasiri, miezi michache, tujuane. Na yule mwalimu wa kemia bado yupo. Mwaka jana nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha chai.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.