Siku Walimu Tuliposhindwa Kusoma

Tulipotembelea Xi'an, mji wa kale nchini China, tuliingia katika hekalu la zamani la Confucius. Humo mna mawe yaliyoandikwa, yamesimama safu safu kama mahindi shambani. Walianza kuyakusanya mwaka 1087. Mawe 114 kati ya hayo ni vitabu vizima, vilivyochongwa hadi mwaka 837, herufi zaidi ya 650,000. Kwa nini jiwe? Vitabu vilinakiliwa kwa mkono na makosa yaliingia. Jiwe halibadiliki, basi wanafunzi walisahihisha nakala zao hapo.

Sisi je? Tulikodoa macho tu. Herufi hata moja hatuijui! Kando yetu mtoto wa shule alifuatisha mistari kwa kidole, akisoma kwa sauti. Alitutazama, akacheka. Jamani, aibu ilitushika!

Ndipo tukamkumbuka mzee mmoja wa darasa letu. Tulipata kumkemea: "Herufi rahisi hivi, huioni?" Aliacha kuja.

Tuliporudi tulimfuata kwake. "Shikamoo mzee. Utuwie radhi." Tukamsimulia ya Xi'an. Akacheka sana, akauliza, "Darasa ni saa ngapi?"

Ndugu, wewe uliyekwisha kujua, mvumilie anayeanza.