Mawimbi ya Redio Usoni

Msikilizaji, mawimbi yanayokuletea sauti hii yana ndugu zake wanaotumika kunyoosha makunyanzi. Mashine ya Thermage, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa makunyanzi ya pembeni mwa macho, hutumia megahezi 6 hivi, mle mle kwenye masafa mafupi walikokuwa wazazi wetu wakitafuta taarifa ya habari usiku.

Ngozi ya juu hupozwa, joto likapenya ndani. Kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, hujikaza zikipata nyuzijoto 60 na zaidi, kisha mwili hujenga nyingine taratibu, kwa miezi. Kwa hiyo anayekuahidi sura mpya kabla ya harusi ya wiki ijayo anakudanganya.

Kwa vishimo vilivyoachwa na chunusi, mawimbi hayo hupitishwa kwenye vijisindano. Hapa ndipo sisi wenye ngozi nyeusi tunapovutiwa, na kwa haki: leza nyingi hufuata rangi ya ngozi, hivyo weusi wetu hunyonya mwanga wake na ngozi kuungua upesi. Mawimbi ya redio hayafuati rangi. Lakini sindano ikizama kupita kiasi, au joto likizidi, doa jeusi litabaki, na mwenye asili ya makovu yanayovimba anaweza kuondoka na kovu kubwa kuliko alilokwenda nalo.

Oktoba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu mashine hizi za vijisindano, baada ya kupokea taarifa za watu kuungua, kubaki na makovu, kupungukiwa mafuta ya usoni, hata kuharibiwa mishipa ya fahamu. Ikasisitiza zisitumike nyumbani.

Mimi nasema wazi: hii ni tiba, na mahali pake ni kwa daktari wa ngozi. Fundi wa saluni, hata awe hodari vipi, asishike mashine hii. Mjamzito asubiri. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aachane nayo kabisa. Na kama chunusi bado zinatoka, tibu chunusi kwanza. Hakuna faida ya kufukia vishimo huku vingine vinachimbika.

Na wewe uliyekwisha kuungua, usijifungie ndani kwa aibu. Nenda hospitali mapema, ueleze ulifanyiwa nini, na kwa mashine gani.