Ufa wa Milimita Mbili na Nusu



Jioni ya tarehe 15 Desemba, 1967, huko Marekani, daraja la kuning'inia lililoitwa Silver Bridge, lililounganisha Point Pleasant katika jimbo la West Virginia na jimbo la Ohio, liliporomoka mtoni likiwa limejaa magari. Watu 46 walipoteza maisha. Miili miwili haikupatikana kamwe.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928. Halikushikiliwa na kamba nene za nyaya, bali na minyororo ya vyuma virefu vyenye tundu kila ncha, vilivyounganishwa kwa pini. Kila pingili ilikuwa na vyuma viwili tu. Kimoja kikikatika, cha pili hakiwezi kubeba mzigo peke yake. Wachunguzi waligundua kuwa kimoja kilikatwa na ufa wenye kina cha milimita mbili na nusu hivi, uliokuzwa na kutu pamoja na mkazo wa miaka mingi. Ulijificha ndani ya kiungo, mahali pasipoweza kukaguliwa bila kukifungua kiungo chenyewe. Si haki, basi, kumtwisha mkaguzi lawama yote.

Hata hivyo, hadi siku ile Marekani haikuwa na kanuni za taifa zima za kukagua madaraja. Sheria ya mwaka 1968 iliagiza zitungwe, na mwaka 1971 zikatoka: madaraja yaorodheshwe, wakaguzi wawe na ujuzi, na ukaguzi ufanyike kila baada ya miaka miwili. Mwaka huohuo daraja la St. Marys, lililojengwa kwa mfano uleule juu ya mto uleule, lilibomolewa.